Kukisia si Kujua

Juma lililopita tulipokea barua ya baba mmoja wa jamaa, mkaaji wa hapa hapa Lubutu. Ni barua fupi, iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi katika karatasi ya daftari la shule, nasi tuliisoma mara mbili kwa kuwa yaonyesha wazi uchungu wa mzazi. Asema kwamba wanawe wawili, mmoja wa miaka 15 na mwingine wa miaka 17, wakiisha kula jioni hawakai tena kuongea na wazee. Huinama juu ya simu moja pamoja na wavulana wa majirani, wakabishana kwa sauti kubwa juu ya maharamia wasiokuwako, bahari isiyokuwako, na hazina ambayo hata mwandishi wake hajaionyesha bado. Baba huyo auliza maswali matatu: Je, si upuzi? Je, si dhambi? Je, niivunje simu?

Tutamjibu. Lakini yafaa kwanza tuseme kweli: wavulana hao twawajua, kwa kuwa ni wanafunzi wetu. Mabishano yao tumeyasikia. Na zaidi ya mara moja tumeketi nao barazani tukiyasikiliza mpaka taa ikazimika. Basi jibu letu si la mtu aliye mbali na jambo lenyewe.

Wanasoma nini?

Hadithi hiyo yaitwa One Piece. Ni hadithi ya picha iliyotungwa na kuchorwa na Eiichiro Oda, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1975 huko Kumamoto. Sura ya kwanza ilitoka tarehe 22 Julai 1997 katika gazeti la vijana la kila juma, Weekly Shonen Jump, na hadithi haijamalizika mpaka leo. Sura zake zimepita 1,100, na vitabu vilivyozikusanya vimepita 100. Mwaka 2022 nakala zilizochapwa ulimwenguni zilihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 500. Sisi tulipokuwa watoto wadogo hadithi hiyo ilikuwa imekwisha anza. Leo twafundisha watoto wa wenzetu, nayo bado yaendelea.

Habari yenyewe ni hii. Kijana aitwaye Luffy, mwenye kofia ya majani makavu, asafiri baharini pamoja na wenzake kuitafuta hazina ya Gol D. Roger, mfalme wa maharamia. Roger huyo aliuawa hadharani kwa amri ya serikali, lakini kabla ya kufa aliwaambia watu waliokusanyika kwamba mali yake ameiacha mahali fulani; anayeitaka akaitafute. Luffy alipokuwa mtoto alikula tunda la ajabu, na tangu siku ile mwili wake hunyumbuka kama mpira.

Hapo mafumbo yaanza. Hazina hiyo ni kitu gani? Mbona watu kadhaa wa hadithi wana herufi D katika majina yao, na wengi wao hawajui maana yake? Mbona serikali ya ulimwengu ule imefuta miaka 100 katika historia, hata kuyachunguza mawe ya kale yenye maandishi ya zamani hizo ni kosa la kuhukumiwa kifo? Mwandishi hafungui yote mara moja. Mwaka huu atoa jina tu. Mwaka mwingine atoa picha ya kivuli. Na baada ya miaka mingi kivuli kile chapata uso. Wasomaji nao huokota dalili moja moja, kama mtu aokotavyo kuni baada ya dhoruba, wakazifunga pamoja na kusema, "Bila shaka mambo yatakuwa hivi." Humwandikia Oda mwenyewe, kwa maana tangu kitabu cha nne ametenga kurasa za kujibu maswali yao. Hujibu kwa mzaha mwingi, lakini fumbo kubwa halitoi.

Hapa kwetu hadithi yafika kwa njia ndefu. Ndugu mmoja asomaye Kisangani huzipata sura katika Kifaransa. Akipatikana msafiri wa pikipiki wa kuaminika, simu hupita barabara ile yote, zaidi ya kilometa 200, ikafika Lubutu imejaa. Sura za miezi miwili huliwa usiku mmoja, halafu yabaki njaa ya miezi miwili mingine. Katika njaa hiyo ndimo makisio huzaliwa.

Si jambo geni

Mzazi asidhani kwamba tamaa hii ya kutangulia hadithi imetoka Japani. Jirani zetu Wanyanga wa Walikale wana habari kuu ya shujaa Mwindo. Shemwindo, mfalme wa Tubondo, aliwaamuru wake zake saba wasizae mtoto mume. Mke mpenzi akamzaa Mwindo, Kabutwakenda, yaani yule aliyezaliwa akatembea. Baba akamtupia mikuki, isimpate, akamzika, akatoka, akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Ngoma ikaelea mpaka kwa shangazi yake, Iyangura. Mwaka 1956 mwimbaji Shekarisi Candi Rureke aliitoa habari hiyo nzima mbele ya Daniel Biebuyck, mtaalamu Mbelgiji. Alisimulia, akaimba na kucheza kwa muda wa siku 12, waandishi wakiandika. Biebuyck na Mnyanga mmoja msomi, Kahombo Mateene, waliitoa katika kitabu mwaka 1969.

Jambo moja latuhusu hapa. Rureke alisema kwamba kabla ya siku hizo hakuwa amepata kamwe kuitoa hadithi nzima kwa siku zinazofuatana. Desturi ilikuwa kutoa kipande leo na kipande siku nyingine. Basi fikirini mtoto wa Kinyanga aliyekwenda kulala usiku ule ambao ngoma ilikuwa bado yaelea mtoni. Je, hakulala akikisia? Na sisi sote tuliokulia penye moto wa bibi, tuliposikia "Kitendawili!" tukaitikia "Tega!", tulikuwa tukifanya nini kama si kukisia?

Hata wazee wenye elimu hawakuuonea haya mchezo huu. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens alikufa tarehe 9 Juni 1870, akiacha hadithi ya Edwin Drood katikati. Sehemu 12 zilikusudiwa, sita tu zikapatikana. Kijana Drood ametoweka, mjomba wake John Jasper ashukiwa, na kitabu chakatika hapo. Mwezi wa Januari 1914 wapenzi wa Dickens walikusanyika London wakamfanyia Jasper kesi kamili ya mchezo. Hakimu alikuwa G. K. Chesterton, ambaye mwaka 1922 aliingia katika Kanisa Katoliki, na mkuu wa baraza la wazee alikuwa Bernard Shaw. Baraza lilimwona Jasper ana kosa la kuua bila kukusudia. Chesterton akamaliza mzaha kwa kuwahukumu wote waliokuwamo kwa kuidharau mahakama, isipokuwa yeye mwenyewe. Watu wakacheka, wakavaa makoti yao, wakarudi nyumbani. Jasper hakulala gerezani usiku ule, kwa maana alikuwa mtu wa wino. Tafadhali likumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

Faida zake

Katika darasa letu tumeona matunda mema ya mchezo huu, na ni haki kuyataja. Mvulana ambaye zamani alisoma ukurasa wa Kifaransa kama mtu arukaye dimbwi, sasa arudi nyuma kurasa mia kutafuta neno moja lililosemwa na nani, na mbele ya nani. Ajifunza kutofautisha alichoandika mwandishi na alichotamani yeye. Ajifunza kumsikiliza mwenzake mpaka mwisho, kwa kuwa huenda mwenzake ameona picha ndogo pembeni ambayo yeye hakuiona.

Zaidi ya yote, ajifunza kukosolewa bila hasira. Tumesema juu ya tunda alilolila Luffy. Tangu mwaka 1997 wasomaji wote walilijua kwa jina moja, wala hakuna aliyekuwa na sababu ya kulitilia shaka. Mwaka 2022, baada ya miaka 25, Oda akafunua kwamba jina lile halikuwa jina lake la kweli. Jina la kweli hatulitaji hapa, tusije tukamnyang'anya msomaji ambaye bado yuko njiani. Sura hiyo ilipofika Lubutu, wavulana wetu walikaa kimya kwa muda mrefu. Ndipo mmoja wao, mbishi kuliko wote, akasema, "Mwalimu, nilikuwa najua, kumbe nilikuwa nadhani." Tuliwaza moyoni kwamba maneno kama hayo watu wengine huishi miaka 70 bila kuyatamka.

Kwa hiyo tuliwasifu. Tena tulimsifu yule mbishi mbele ya darasa zima. Tukasema: ndivyo afanyavyo mtu mwenye akili; akusanya dalili, aziunganisha, akipata tatu aweza kuanza makisio. Hayo tuliyasema sisi, kwa kinywa chetu.

Jambo tulilojionea

Mwaka jana, wakati wa mvua nyingi, mtoto wa miaka minne, wa nyumba isiyo mbali na yetu, alishikwa na homa. Siku ya tatu akafa. Jioni baada ya maziko wavulana walikuja barazani kama kawaida. Simu ilikuwapo, lakini hakuna aliyeiwasha. Yule mbishi akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, tumeunganisha dalili."

Akazihesabu kwa vidole. Koko mmoja mjane, aishiye mwisho wa njia pamoja na mjukuu wake, alionekana akipita mbele ya nyumba ile siku mbili kabla ya homa. Tena aliomba chumvi pale, akanyimwa. Tena wajukuu wake wengine wawili walikufa zamani, hakuna ajuaye kwa nini. Tena usiku wa homa bundi alilia juu ya paa lake. "Dalili nne, Mwalimu. Nawe ulisema tatu zatosha."

Wasomaji wapenzi, twaungama mbele yenu: tulinyamaza. Hatukusema ndiyo, wala hatukusema hapana. Tulikuwa tumechoka kwa maziko, na labda katika pembe moja ya moyo wetu, ambayo miaka ya seminari haikuifagia vizuri, neno lile lilikuwa limepata pa kukaa. Tukawaaga, tukaingia kulala. Na kimya cha mwalimu kilihesabiwa kuwa dalili ya tano.

Siku mbili hazikupita. Koko alipokwenda kisimani, akina mama walichukua ndoo zao wakaondoka. Usiku mawe yalipigwa juu ya bati lake. Mjukuu wake, mtoto wa darasa la nne, hakuonekana tena shuleni.

Siku ya tatu tuliwaita wavulana, tukachukua chaki na kugawa ubao sehemu tatu. Juu ya sehemu ya kwanza tuliandika TULIONA. Juu ya pili, TULISIKIA. Juu ya tatu, TULIKISIA. Tukawaambia, "Tangu leo mtafanya kwa koko kama mfanyavyo kwa maharamia. Kila dalili ionyesheni ukurasa wake."

Habari ya chumvi: nani alikuwapo? Hakuna. Mmoja aliisikia kwa dada yake, aliyeisikia kisimani. Ikaandikwa katika sehemu ya pili. Wajukuu waliokufa: wakati gani? Mmoja akakumbuka kwamba mama yake alisema ulikuwa mwaka wa surua, na watoto wengi wa mtaa walikufa mwaka ule. Bundi: nani alimwona? Wote walimsikia, hakuna aliyemwona; na gizani, mvua ikinyesha, nani awezaye kujua paa? Ikaandikwa katika sehemu ya tatu. Katika sehemu ya kwanza likabaki neno moja tu: alipita njiani. Lakini njia ile ndiyo iendayo shambani kwake. Hupita kila siku alfajiri mbele ya nyumba ile, na mbele ya nyumba yetu pia.

Tukauliza tena, "Na muuguzi alisema nini?" Wakatazamana. Kwa siku tano walikuwa wamelichambua fumbo, na hakuna aliyemwuliza mtu mmoja aliyemshika mtoto mikononi mwake. Yule mbishi akaenda pamoja na mjomba wa marehemu. Akarudi jioni. Malaria kali; mtoto aliletwa siku ya tatu, damu ikiwa imekwisha; wazazi walikuwa wakitafuta fedha.

Alisimama mlangoni, hakuketi. Akauliza, "Basi, Mwalimu, katika habari hii hamna mchawi?" Tukajibu, "Hamna." Akauliza, "Basi mwenye kosa ni nani?" Hapo hatukuwa na jibu zuri la kumpa. Mbu, umaskini, na siku mbili zilizopotea. Kweli haikuwa tamu kama makisio yao. Mara nyingi ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu watu hupenda makisio.

Wavulana walimtekea koko maji kwa mwezi mzima. Aliyapokea, wala hakuwauliza kwa nini. Mjukuu wake alirudi darasani baada ya majuma matatu. Lakini msidhani kwamba yote yalirudi mahali pake. Wako wanaopita mlangoni pake mpaka leo bila kumwamkia. Siku ya Dominika, katika Misa, huketi katika benchi la mwisho karibu na mlango, na pande zake mbili ni tupu.

Maswali matatu

Tumefikiri sana tangu siku ile, nasi twaona kwamba kosa halikuwa la hadithi ya maharamia. Kosa lilikuwa letu sisi tuliofundisha nusu ya somo. Tuliwafundisha watoto kuunganisha dalili. Hatukuwafundisha kuzipima, wala kuuliza zaelekezwa kwa nani. Sasa twafundisha maswali matatu, nasi twawaomba wazazi wayafundishe nyumbani.

La kwanza: Nani ameona? Katika hadithi ya picha wasomaji wote waona ukurasa ule ule, na yeyote aweza kurudi kuutazama. Katika habari ya jirani hakuna ukurasa. Iko midomo tu, na kila mdomo huongeza chumvi yake.

La pili: Nikikosa, nani atanisahihisha? Oda yu hai, na juma fulani ataandika, na kila makisio ya uongo yatakufa siku hiyo. Lakini moyo wa jirani hautoki katika sura za kila juma. Mungu peke yake aujua, naye hakuahidi kutufunulia kabla ya siku ya hukumu.

La tatu: Nikikosa, nani ataumia? John Jasper alihukumiwa na watu wenye akili nyingi, wala hakupoteza hata usingizi. Koko wetu hakuwa wa wino.

Msidhani twakuza jambo dogo. Wakati wa maradhi ya Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikufa. Wengi walikisia kwamba ugonjwa umeletwa kwa makusudi, kwamba ni biashara, kwamba ni hila ya siasa. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya kutibia vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya la Ulimwengu, aliuawa Butembo. Makisio ya namna ile hayamalizwi kwa kicheko, watu wakavaa makoti na kurudi nyumbani.

Wazee husema, "Lisemwalo lipo; kama halipo, laja." Methali nyingi ni hazina, lakini hii twaiogopa kidogo. Nayo hutimia kwa namna mbaya: lisemwalo huja kwa sababu limesemwa. Mwanamke aitwaye mchawi kwa miaka kumi mwishowe huishi kama mchawi, yaani peke yake, akiogopa na kuogopwa.

Maandiko Matakatifu yatupa mwalimu bora. Katika kitabu cha nabii Danieli, sura ya 13, wazee wawili wamshtaki Susana, mwanamke mwema, na mkutano wote wawaamini kwa sababu ya mvi zao. Tayari apelekwa kuuawa. Kijana Danieli apaza sauti. Hana upanga wala cheo. Awatenga wale wazee, amwuliza kila mmoja swali moja tu: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja ataja mti huu, mwingine ataja mti mwingine. Na uongo waanguka. Angalieni: Danieli alifanya kazi ile ile wafanyayo wavulana wetu juu ya simu yao. Alirudi kwenye ukurasa, akatafuta neno dogo lisilopatana na jingine. Ila yeye aliifanya ili kuokoa mtu. Kanisa nalo, likieleza amri ya nane, lafundisha kwamba kusadiki kosa la mwenzetu bila msingi wa kutosha ni hukumu ya pupa, hata kama hatukulitamka, hata kama tulilisadiki kimya kimya barazani.

Kuuliza walioona

Liko neno moja tena. Katika mafumbo yote ya hadithi ile, wavulana wa Lubutu hulipenda zaidi fumbo la miaka 100 iliyofutwa. Siku moja tuliwauliza: je, na hapa petu hakuna miaka iliyofutwa? Mwishoni mwa mwaka 1996 na mwanzoni mwa 1997 wakimbizi makumi ya maelfu kutoka Rwanda walipiga kambi Tingi-Tingi, karibu na mji wetu, nao wengi walikufa huko na njiani. Vijana hawa walizaliwa baadaye. Hupita pale kwa miguu na kwa pikipiki, na wengi wao hawajapata kusikia nyumbani hata habari moja kamili ya siku zile.

Fumbo hilo halihitaji kukisiwa. Walioona wangali hai, wameketi jikoni na barazani kwenu. Si vema mtoto ajue majina ya mawe ya kale katika bahari ya Mjapani, asijue bibi yake alimpa nani maji mwaka 1997. Lakini kosa la kutojua si la mtoto peke yake. Mzee akinyamaza, kijana hukisia. Na kijana akikisia historia ya watu wake, hupata mchawi upesi sana, naye humpa jina la kabila.

Jibu letu

Sasa twarudi kwa baba aliyetuandikia.

Si upuzi, baba, maadamu watoto wasoma kwa akili. Si dhambi, maadamu kazi, masomo na sala ya jioni hazikusukumwa pembeni. Iko hatari, nasi hatutaificha: picha nyingine za hadithi hiyo zina mapigano makali, na mavazi ya baadhi ya wanawake hayana adabu, kwa hiyo wadogo wasipewe simu ovyo, na wakubwa wasome mahali penye watu. Iko gharama pia, kwa kuwa kujaza betri ni fedha, na fedha ya betri isiwe fedha ya sabuni. Wekeni saa na siku. Lakini simu usiivunje. Ukiivunja, mabishano yatahamia nyumba nyingine, nawe hutayasikia tena.

Badala yake twakuomba jambo gumu kuliko kuvunja. Leo jioni chukua kiti chako, uketi karibu nao. Waulize hazina ile wadhani ni kitu gani, na waonyeshe ukurasa uliowafundisha hivyo. Watashangaa, huenda wakaona haya, wavumilie. Wakiisha kueleza, waambie nawe una fumbo lako, ukawasimulie yale uliyoyaona kwa macho yako mwenyewe walipokuwa bado hawajazaliwa. Na siku ambayo kijijini patakuwa na msiba, na mmoja wao akaanza kuhesabu kwa vidole, wewe usinyamaze kama tulivyonyamaza sisi. Mwulize papo hapo: nani ameona?

Na ninyi wengine, wasomaji wapenzi, mtakapotoka Misani Dominika ijayo, mtazameni aliyeketi katika benchi la mwisho la parokia yenu. Mwamkieni kwa jina lake.